Anayekupungia mkono barabarani, anakupungia wewe au Corvette yako?

Swali limetoka kwa msomaji aliyezaliwa Uvira, akakulia Kigoma mjini ambako aliwahi kuendesha bodaboda, na sasa anaishi Bowling Green, jimbo la Kentucky, Marekani. Nimelifupisha kidogo, na kwa asiyeijua, Corvette ni gari la michezo la Kimarekani:

"Shikamoo mzee. Mwezi uliopita nimenunua Corvette ya mwaka 2001, imetumika, otomatiki, nyekundu. Siku ya pili tu, mzungu mmoja mwenye Corvette ya zamani akaninyanyulia mkono. Nikajua kuna trafiki mbele, au tairi limeisha upepo. Nikasimama pembeni, nikalizunguka gari zima, sikuona kitu. Tangu hapo wananipungia kila siku, wengine kwa vidole viwili tu. Nikiwa na Camry yangu ya kazini hakuna hata mmoja anayenitazama. Hii ni nini? Ni lazima nijibu? Na nijibu kwa mkono gani, maana huku usukani uko kushoto, na mama alinifundisha kwamba mkono wa kushoto si wa kusalimia? Halafu nataka kujua, wananisalimia mimi au gari? Mke wangu anasema ni gari."

Marahaba mwanangu, na hongera kwa gari.

Nianze na mkeo, kwa sababu amejibu kabla yangu. Ni gari. Piga hesabu kidogo uone. Uko kwenye ile 31W inayotoka hapo mjini kwenu, barabara ya njia mbili, mmoja anakwenda mwingine anarudi, kibao kinasema maili 55 kwa saa. Yeye naye anakuja na 55 zake. Ukijumlisha, mnakaribiana kwa kilomita 177 kwa saa, yaani karibu mita 50 kila sekunde. Tuseme ameitambua pua ya Corvette mkiwa mmeachana mita 200. Ana sekunde nne. Ndani ya hizo nne aone gari lililolala chini, akili imwambie ni lipi, mkono utoke kwenye usukani, upande, urudi. Uso wako uko nyuma ya kioo kinachong'aa jua. Hakujua kama wewe ni mtu wa Uvira au wa Texas, kama una miaka 25 au 70. Hata angetaka kukubagua au kukupenda, hakuwa na nafasi.

Ila gari halina mkono wa kujibu. Ndiyo maana swali lako la pili, kama ni lazima kujibu, naliona kubwa kuliko hili la kwanza, nitalirudia.

Kwanza kwa nini wanapunga. Mtu akitembea jioni kwenye njia ya kijijini, kila anayekutana naye atamsalimia, hata asiyemjua, na salamu zenyewe zinaanzia kwake zinafika hadi kwa ng'ombe. Mtu huyohuyo mshushe Kariakoo saa kumi jioni. Akisema awasalimie wote, Isha itamkuta bado yuko Mtaa wa Msimbazi. Hajabadilika tabia, ila watu wamekuwa wengi mno. Barabara za Marekani ziko vivyo hivyo. Camry ni Kariakoo. Wenye Camry wakianza kupungiana hakutakuwa na mkono utakaobaki kwenye usukani.

Gari la michezo ni njia ya kijijini: anayekuja mbele ni mmoja, naye unajua anatoka kwa nani.

Wenye Corvette watakusimulia kwamba wao ndio walioanzisha. Hadithi yao inakwenda hivi. Gari lenyewe lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 1953 kwenye hoteli ya Waldorf-Astoria, New York. Juni mwaka huohuo likaanza kutengenezwa Flint, Michigan, na mpaka mwaka unakwisha yalikuwa yametoka magari 300 tu, yote meupe, yote mekundu ndani, bodi ya faibaglasi, yakiunganishwa kwa mikono. Basi, wanasema, wenye yale 300 walikuwa wachache kiasi kwamba wakikutana ilibidi wapungiane, na ndipo desturi ilipozaliwa.

Ni hadithi nzuri, nami nimeisikia mara nyingi, lakini haiingii akilini. Marekani ya wakati huo ilikuwa na watu kama milioni 160. Tawanya magari 300 katika nchi ya ukubwa ule, tena mengi yakiwa yamepewa watu wakubwa na mashuhuri ili yaonekane nao, halafu uniambie yangekutana wapi barabarani. Ungeweza kuendesha mwaka mzima usimwone mwenzio. Na tusisahau lilivyokuwa lenyewe: silinda sita, nguvu za farasi 150, gia mbili za otomatiki. Mwaka uliofuata yakatengenezwa 3,640, na mengi yakabaki bila wanunuzi. Mwaka 1955 kiwanda kikatoa 700 tu. Gari lilikaribia kufa, ingawa mwaka huohuo ndipo lilipopata injini ya V8, ya silinda nane, ya kulipa heshima. Desturi haizaliwi kwa watu wasiokutana.

Mimi naamini wenye Corvette waliikuta njiani, na waliokuwa nayo ni wenye vigari vya Kiingereza. Vita vya Pili vilipokwisha, wanajeshi wa Kimarekani waliokuwa Uingereza walirudi kwao na hamu ya magari madogo ya wazi waliyoyaona kule. Lililotajwa sana ni MG TC, lililotengenezwa mji wa Abingdon kati ya 1945 na 1949. Yalitoka kama 10,000, na takriban 2,000 yakavuka bahari kwenda Marekani. Yote yana usukani kulia, katika nchi inayoendesha upande wa kulia! Injini ya cc 1250, nguvu za farasi 54, magurudumu membamba ya spoku kama ya baiskeli, kioo cha mbele unakilaza juu ya boneti upepo ukupige vizuri. Weka kitu hicho kati ya Buick na Cadillac za mwaka 1949, magari makubwa ya Kimarekani. Dereva wake anafanana na mtu aliyeingia na punda stendi ya mabasi.

Sasa mtu huyo siku gasketi ikiungua atafanyaje? Spea ziko ng'ambo, zinakuja kwa meli. Fundi wa mtaani hajawahi kuliona gari hilo, na spana zake hazishiki nati za Kiingereza. Mtu pekee anayeweza kumsaidia ni yule mwingine mwenye kigari kama chake, ambaye pengine ana kabureta ya zamani chini ya kitanda. Ukimwona mtu wa namna hiyo barabarani utaacha kumpungia? Utampungia, utajitahidi kukariri namba zake, na ukimkuta ameegesha utamsubiri.

Nalisema hili kwa kuwa limenipata. Miaka ya themanini nilifanya kazi ya ufundi Uingereza, nikanunua kigari cha wazi cha miaka ya sitini, cha watu wawili, jina nitalihifadhi kwa sababu nakipenda bado. Mwezi wa kumi na moja, usiku unaingia saa kumi na nusu, mvua ile yao isiyonyesha wala isiyoacha, nikazimikiwa katikati ya mashamba. Ukifungua boneti unajua tatizo: maji yameingia kwenye kofia ya disitribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi. Nikaikausha kwa leso, leso yenyewe imelowa. Magari yakanipita, mengine yakinirushia maji. Kikaja kigari kama changu kutoka upande wa pili, dereva akanyanyua kidole kimoja, akapita. Nikasema moyoni, haya, na wewe nenda na kidole chako. Dakika mbili baadaye nikaona taa zake nyuma yangu. Alikuwa ametafuta pa kugeuzia.

Hakuniuliza tatizo ni nini. Alifungua buti, akatoa kofia nyingine imefungwa kwenye mfuko wa mkate, akanishikia tochi mdomoni huku anashika mwavuli juu ya injini badala ya juu ya vichwa vyetu. Waya tano, vishikizo viwili, nikapiga starta, ikawaka. Nikatoa pesa, akakataa, akasema nitampa mtu mwingine kofia yangu nitakaponunua mpya. Mpaka leo sijui anaitwa nani. Na nikuambie aibu yangu pia: miaka miwili baadaye nilimpita mtu ameinua boneti kwenye barabara ya kwenda Oxford, gari lilelile, nikapunga mkono, nikaendelea. Nilikuwa na haraka. Sikumbuki haraka yenyewe ilikuwa ya nini, lakini yule mtu aliyeinama namkumbuka.

Ndiyo maana naona mkono ule ulianza kama ahadi ya spana. Aliyepunga alikuwa anasema: nimekuona, na ukikwama nitageuza. Siku hizi ahadi hiyo haina kazi sana. Corvette za mwaka wako, 2001, zilitengenezwa zaidi ya 35,000. Spea zake zinafika mlangoni kwako kesho yake, simu unayo, gari la kuvuta linakuja. Mkono umebaki. Kwa nini umebaki? Nadhani ni kwa sababu ya upuuzi mnaoshiriki, na nalisema neno upuuzi kwa mapenzi. Viti viwili, injini ya lita 5.7 yenye silinda nane. Hakuna anayelihitaji gari hilo. Kila anayekupungia anajua kwamba nyumbani kwako uliulizwa swali lilelile aliloulizwa yeye: watoto watakaa wapi?

Wewe tena umekwenda kuliendeshea kwao kabisa. Corvette zimekuwa zikitengenezwa hapo Bowling Green tangu 1981, kiwanda kiko pembeni ya barabara kuu ya I-65, na makumbusho yake ng'ambo ya barabara, yalifunguliwa 1994. Kuna wanunuzi wanaosafiri kutoka majimbo ya mbali ili wakabidhiwe gari jipya palepale kwenye makumbusho, halafu waliendeshe kurudi kwao. Kwa hiyo baadhi ya hao wanaokupungia gari lao wamelimiliki kwa saa moja. Watu hao wangempungia hata mti. Ndiyo makumbusho yaleyale ambayo Februari 2014, alfajiri, ardhi ilifunguka ndani ya ukumbi ikameza Corvette nane, mojawapo ya mwaka 2001 kama yako, nyingine ile ya milioni moja kutoka kiwandani. Hakuna mtu aliyeumia. Zikaja kuopolewa zote.

Hofu yako ya siku ya pili, kwamba trafiki wako mbele, isikufanye ujicheke. Ulilitafsiri kwa lugha uliyokulia. Kwetu anayekuja akikupiga taa, unaachia mafuta kabla hujajiuliza, kwa sababu mbele pana mtu ameshika tochi na kijiji chenye kibao cha 50. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto, pita. Likiwasha ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja. Barabara zetu hazina salamu tupu, kila ishara ina habari ndani yake.

Na usidhani wazungu hawakuwa hivyo. Uingereza kuna chama cha wenye magari, Automobile Association, kilichoanzishwa 1905. Unajua kilianzishwa kwa nini? Kuwaonya madereva kuhusu mitego ya polisi ya mwendo kasi. Kilikuwa na vijana wa baiskeli barabarani, wakiona gari lenye beji ya chama wanalionya. Miaka michache baadaye mahakama ikasema kumwonya dereva anayekimbia ni kumzuia polisi kufanya kazi yake. Chama kikageuza mambo kwa ujanja ambao mpaka leo naupigia makofi: kijana akiona beji, apige saluti. Ikiwa mbele pana polisi, asipige. Mwanachama asiposalimiwa, asimame aulize kulikoni. Nani atakayempeleka mtu mahakamani kwa kosa la kutokusalimia? Saluti hizo ziliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya sitini, wakati mitego yenyewe imeshasahaulika, zikiwa zimebaki heshima tu. Unaona mwendo wake unavyofanana na ule wa kofia za disitribyuta.

Kwa hiyo utofautishe. Mkono mtupu, kiganja wazi au vidole viwili vimeachia usukani, ni salamu. Taa zikipigwa mara mbili tatu na mtu anayeendesha gari la aina yoyote, lori, basi, hapo fikiria kulungu barabarani, ajali, au polisi. Huko kwenu kulungu wengi.

Twende kwenye mkono wa kushoto. Mama yako ana haki, na mimi nilifundishwa vivyo hivyo Tanga: mkono wa kushoto hautoi, haupokei, hausalimii. Lakini angalia ulivyokaa. Usukani kushoto, dirisha kushoto, anayekuja anapita kushoto kwako. Ukinyanyua wa kulia, kwanza umeuvusha mbele ya uso wako, pili ukitaka kugusa kitu, redio au gia, mkono haupo. Wa kushoto ndio uliopo karibu na kioo, ndio anaouona. Kwa huko umeusamehewa. Nenda kama ulivyoona wengine: kiganja kikiwa bado kimeegemea usukani, nyanyua vidole viwili au vinne, shusha. Ukiwa umetoa lile paa, ndio unaweza kunyoosha mkono juu kama mtu anayemwita konda. Ukirudi Kigoma kusalimia, usukani utakuwa kulia, na mkono utarudi kwenye adabu wenyewe.

Taa usizitumie kujibia. Corvette ya mwaka wako ina zile taa zinazolala ndani ya boneti na kuinuka zikiwashwa. Ni toleo la mwisho la Corvette kuwa nazo, liliisha 2004. Mpaka zimalize kuinuka, mwenzio ameshakupita na anakuona kwenye kioo cha nyuma ukitoa macho. Wenye Mazda MX-5 za mwanzo, za 1989 hadi 1997, ndio wenye mchezo huo: wapo waliofunga swichi ya kuinua taa moja tu, gari likakonyeza. Nilikonyezwa hivyo mara moja nikiwa na mke wangu, ikabidi nieleze.

Wewe ulikuwa mtu wa bodaboda, kwa hiyo hili utalipenda. Wenye pikipiki nao wana salamu yao, na umbo lake limeamuliwa na mkono wa mafuta. Mkono wa kulia ndio unaozungusha mafuta, dunia nzima. Marekani anayekuja anapita kushoto, mkono wa kushoto hauna shughuli, basi mwenye pikipiki anaushusha chini pembeni na kutoa vidole. Kwetu na Uingereza anayekuja anapita kulia, upande wa mafuta, ukiuachia pikipiki inapoteza mwendo, kwa hiyo watu hutikisa kichwa tu. Wafaransa wana la kwao: pikipiki inayokupita ukiipisha, dereva anatoa mguu wa kulia pembeni kukushukuru, kwa sababu mkono wa upande huo una kazi. Mgeni anadhani anataka kukupiga teke. Wewe ulidhani tairi limeisha upepo. Si mbali sana.

Nani aanze? Hapa utajisikia nyumbani. Wenye Jeep, ambao nao wana mkono wao, wameutia utani hadi wa kuhesabu pointi: Jeep ya zamani, yenye matope, isiyo na paa, ndiyo mkubwa, Jeep mpya iliyotoka dukani juzi ndiyo inayotakiwa kuanza. Ni shikamoo tupu. Kwenye Corvette hakuna pointi, lakini adabu ni ileile. Ukiona gari la miaka ya hamsini au sitini, la taa za duara na bampa za kung'aa, anza wewe. Aliyekaa humo amevumilia breki zisizoshika na usukani mzito ili gari lile liwe barabarani leo. Mwenye gari jipya kuliko lako akichelewa, anza hata hivyo. Haitakupunguzia kitu.

Wapo wasiojibu. Usiweke moyoni, hasa mtu kama wewe ambaye ni rahisi kuanza kufikiri "ameniona mimi ni nani ndiyo maana". Pengine ndivyo, watu wa namna hiyo hawajaisha duniani. Ila kumbuka zile sekunde nne. Wengine wanabadilisha gia, mkono wa kulia uko kwenye gia, wa kushoto ndio pekee uliobaki kwenye usukani. Wengine wameazima gari la baba. Wengi wenye Corvette za 2020 na kuendelea, zile ambazo injini imehamia nyuma ya kiti, wametoka kwenye gari lingine kabisa na hakuna aliyewaambia kama kuna mkono. Na wewe mwenyewe ukiwaona kwa mbali unadhani ni Ferrari, unawatambua wameshapita. Kwenye I-65 yenyewe, njia tatu kila upande na ukuta katikati, sijui unampungia nani. Mvua, kona, makutano, usitoe mkono.

Mahali ambapo utajua kama unasalimiwa wewe ni kituo cha mafuta. Pale gari limesimama, nawe umeshuka, umeshika bomba. Atakuja mzee mmoja mwenye kofia, atalizunguka gari kama ulivyolizunguka siku ile ya tairi, halafu atauliza: ya mwaka gani? Atauliza otomatiki au ya gia? Ukisema otomatiki atanyamaza kidogo, usijali. Atakueleza ya kwake, ya kaka yake, na ile aliyoiuza 1978 ambayo hajajisamehe. Sitakudanganya kwamba kila atakayekuja atakuwa mwema, lakini maswali hayo matatu yanatosha dakika kumi, na mwisho wa dakika kumi ameshajua jina lako na umeshamfundisha kulitamka. Nimeona urafiki ukianza kwa jambo dogo kuliko kichujio cha mafuta.

Sasa lile la kujibu, nililosema nitalirudia. Hakuna sheria, hakuna atakayekufuata. Lakini jibu. Aliyekusalimia hakukujua na bado alikusalimia. Na jambo moja zaidi, ambalo ndilo ningekuomba ulishike hata ukiyasahau mengine: ukiona mojawapo imesimama pembeni na boneti wazi, tafuta pa kugeuzia kwa usalama, rudi, simama nyuma yake ukiwa umewasha hazadi. Huna haja ya kuwa fundi. Uwe na maji, tochi, na waya wa kuazimana chaji ya betri. Akikwambia gari la kuvuta linakuja, kaa naye mpaka lifike, hasa usiku.

Mkeo anaruhusiwa kupunga kutoka kiti cha abiria, wala si dharau. Mikono yake yote miwili haina kazi.

Na Camry? Siku moja jaribu. Umeivaa kofia ya kazini, umeshika Camry yako, mbele inakuja Corvette ya mtu unayemjua kabisa kwa rangi. Mnyanyulie mkono. Naona kama namwona: ataachia mafuta, ataangalia kioo, atasimama pembeni, na atalizunguka gari zima akitafuta tairi lililoisha upepo.